Alikuja kwako akiwa na umri gani? Jinsi ya kuishi na tineja uliyemuasili

Kuna swali wazazi walioasili wanaliuliza sana, na linakujaga hivi hivi: nilimchukua ana miaka minne, alikuwa mtulivu, anasalimia watu, kila mtu anamsifia, sasa ana 13 amegeuka, anajibu, anajifungia chumbani, anadanganya hata kitu kisichohitaji uongo, shuleni wananiita kila mara, je ni kwa sababu nilimchukua akiwa mkubwa? Na hapo lazima awepo ndugu mmoja pembeni anasema si nilikwambia, samaki mkunje angali mbichi, mwingine anadakia mtoto wa nyoka ni nyoka, basi mzazi wa watu anabaki anapiga mahesabu ya miaka kwa vidole.

Umri una uzito, tusidanganyane. Ila umri unakwambia tu mtoto alikaa muda gani huko alikokuwa, haukwambii huko kulikuwaje. Mtoto aliyekuja na miaka 5 baada ya kulelewa na bibi aliyempenda mpaka bibi akafariki, huyo ameshajua mtu mzima ni mtu wa kumkimbilia. Mwingine kaja na miaka 2 tu lakini hiyo miwili yote alikuwa mahali ambapo mlezi mmoja anahudumia watoto chungu nzima, analia hakuna anayekuja mpaka akaacha kulia, huyu wa pili ndo anaweza kukutoa jasho zaidi akifika kidato cha pili. Kwahiyo humu nimegawa kwa umri kwa sababu ndo njia rahisi ya kuanzia, ila kila sehemu jiulize na swali la pili: kabla yangu alipitia nini.

Hili jambo sijalitunga mimi. Ceaușescu, dikteta wa Romania, alipoangushwa Desemba 1989, dunia iliona makao ya watoto yaliyokuwa na hali mbaya kupita kiasi, na watoto wengi wakachukuliwa na familia za nje. Uingereza wataalamu wakiongozwa na Michael Rutter wakawafuatilia watoto 165 waliotoka huko wakiwa wadogo, wote chini ya miaka minne, wakawalinganisha na 52 walioasiliwa ndani ya Uingereza kabla ya kufika miezi sita. Wamewafuata mpaka wamekuwa watu wazima. Waliokaa kwenye yale makao chini ya miezi 6 walitoka vizuri tu kama wale wa Uingereza. Waliokaa zaidi ya miezi 6 wengi waliendelea kuwa na shida ya kutulia na kuweka akili sehemu moja, kuzoea watu wasiowajua kupita kiasi, na kutosoma hali za watu. Halafu kuna kitu mzazi wa tineja inabidi akikariri: huzuni na wasiwasi havikuonekana sana utotoni wala wakiwa na miaka 15, vilipanda walipoingia utu uzima. Yaani mtoto wa miaka 15 anaweza kuwa fresh na bado ukahitajika kumwangalia kwa karibu akiwa na 20.

Sasa kabla hujakata tamaa, katika hao hao waliokaa zaidi ya miezi 6, kama mmoja kati ya watano hakuwa na tatizo lolote la maana tangu utoto mpaka ukubwani. Na wale waliochelewa kiakili walipanda mpaka kiwango cha kawaida walipokuwa watu wazima. Kingine, ukishavuka ile miezi sita, kuongezeka kwa miezi hakukuzidisha matatizo sana, aliyetoka na mwaka na nusu na aliyetoka na miaka mitatu hawakupishana kama watu wanavyodhani. Kwahiyo ile habari ya "umechelewa, ungemchukua mwaka mmoja kabla" mara nyingi ni maneno tu ya watu. Na makao ya kule yalikuwa mabaya kweli kweli, usichukue matokeo yale ukayabandika kwa kila mtoto aliyetoka kituo cha hapa kwetu.

Kabla ya kutafuta dawa, tafuta historia

Kama hujawahi kufanya hili, lifanye wiki hii hata kama mtoto ana 16. Chukua daftari uandike: alizaliwa wapi, mimba ilifika miezi tisa au alikuwa njiti, mama alikuwa anakunywa pombe (pombe ya tumboni inaathiri tabia na umakini hata kama ulimchukua mtoto siku ya tatu, na wengi hatuifikirii kabisa), nani alimlea, walezi walibadilika mara ngapi, alihamishwa vituo vingapi, aliwahi kulala njaa, alipigwa, aliona nini, ana kaka au dada waliotenganishwa naye, aliumwa nini. Malaria iliyopanda kichwani na masikio yaliyotoka usaha utotoni vinaacha shida ya kusikia, halafu mtoto anaitwa mkaidi kumbe hasikii vizuri. Pima masikio na macho kwanza, ni hela kidogo kuliko tuisheni.

Hiyo idadi ya mabadiliko ya walezi ni muhimu kuliko tarehe yenyewe. Bucharest, mji mkuu wa Romania, kuna utafiti mwingine, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watoto 136 wa kwenye makao, nusu wakapelekwa kwa bahati nasibu kwenye familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya miaka miwili hivi walishikamana na walezi vizuri zaidi. Lakini walipokua, wale ambao familia haikubadilika, walibaki na walezi wale wale, ndo waliokuwa na afadhali ya tabia. Umri wa kuingia hauwezi kuubadilisha, umeshapita. Kubaki naye kuko mikononi mwako.

Na kwa mtoto aliyeokotwa, huo umri wenyewe ni wa kukadiria. Kuna daktari au mlezi aliangalia meno akasema huyu kama mwaka na nusu, akaandikiwa tarehe. Anaweza akawa amepishana na tarehe yake kwa miezi mingi, kwahiyo ukiona yuko nyuma ya wenzake darasani au mwili uko mbele ya wenzake, ukumbuke na hilo.

Kama alikuja mchanga kabisa

Hapa kosa kubwa ni kutafuta uasili kwenye kila kitu. Tineja kununa, kulala mpaka saa tano Jumamosi, kusema chakula cha nyumbani kimemchosha, hayo ni ya balehe, jirani yako aliyemzaa wa kwake anayapata hayo hayo. Juffer na van IJzendoorn wa Uholanzi walikusanya tafiti nyingi wakatoa majibu 2005, na picha ni kwamba wengi walioasiliwa wako sawa, tofauti na wenzao ni ndogo, ingawa wanapelekwa kwa wataalamu wa akili mara nyingi zaidi. Sehemu ya hilo ni sisi wazazi wenyewe, tunakimbilia haraka kwa sababu tunaogopa.

Kinachomgusa aliyekuja mchanga ni swali la mimi ni nani. Linaanza mapema kuliko unavyofikiri. Mtoto wa miaka minne ukimwambia "hukutoka tumboni mwangu, nilikuchagua" anafurahi anaenda kucheza. Akifika sita mpaka nane akili inapiga hesabu ya upande wa pili: kama nilichaguliwa, basi kuna aliyeniacha. Akifika 14 hesabu imekuwa kubwa, kwanini aliniacha, nafanana na nani, nina ndugu huko, nitarithi ugonjwa gani. Mtoto asiyekuwa na majibu anajitungia, na ya kujitungia mara nyingi ni mabaya kuliko ukweli.

Kwahiyo kama hajajua, mwambie. Usisubiri amalize fom foo, usisubiri afunge ndoa, usisubiri shangazi alewe kwenye msiba aropoke. Tineja anayegundua mwenyewe, labda kakuta karatasi za mahakama kwenye begi la nyaraka alipokuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa, haumii kwa kuasiliwa, anaumia kwamba nyumba nzima ilijua na yeye akafanywa mjinga. Chagua siku ambayo hamna mtihani na hamna wageni, mwambie mkiwa na kitu cha kufanya kwa mikono, kuchambua mchicha, kuosha gari, ili asilazimike kukuangalia usoni. Maneno yawe machache: "Kuna kitu nilitakiwa kukwambia zamani. Mimi sikukuzaa. Ulikuja kwetu ukiwa na miezi miwili, na tangu siku ile wewe ni mtoto wetu. Nitakujibu chochote ninachokijua, leo au siku yoyote." Halafu nyamaza, na kunyamaza ndo kugumu. Usianze kulia wewe ili yeye aanze kukubembeleza.

Kwa familia za Kiislamu hili lina urahisi wake, maana kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, haifichi nasaba, mtoto anabaki na jina la baba yake kama ilivyo kwenye Suratul Ahzab, waiteni kwa baba zao, na Zanzibar sheria ya watoto ya 2011 inaitambua kafala. Mtoto anakua anajua. Kinachobaki ni kumsaidia asione jina tofauti kwenye daftari la shule kama aibu.

Kama alikuja kati ya nusu mwaka na miaka minne mitano, hasa kutoka kituoni

Hapa ndo penye kazi, na hapa ndo wazazi wanachanganyikiwa kwa sababu mtoto hakumbuki chochote kwahiyo wanasema hana sababu. Hakumbuki kwa maneno ila mwili wake ulishajifunza.

Chukua chakula. Mama mmoja kwenye grupu letu la wazazi alikuwa na kijana wa miaka 13 aliyekuja kwake akiwa na mitatu. Anabadilisha shuka akakuta chini ya godoro chapati mbili zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, zimekauka kama bati, sisimizi wamejaa, na pembeni kuna mfuko wa sukari kama robo. Nyumba hiyo haijawahi kukosa chakula miaka kumi. Baba akataka kumchapa, wizi ndani ya nyumba yako mwenyewe! Walichofanya wakanunua dumu la plastiki lenye mfuniko, wakaweka biskuti, karanga na ndizi, wakamwambia hili ni lako, linakaa chumbani kwako, likiisha linajazwa, huombi. Mwezi wa kwanza likawa linaisha kila siku mbili. Baadaye likawa linakaa wiki. Chapati za chini ya godoro zikaisha zenyewe. Ukifunga kabati kwa kufuli unamthibitishia kile mwili wake unachoamini, kwamba chakula kinaweza kuisha.

Kuzoea watu ovyo nako utotoni kunaonekana kama sifa, "mtoto huyu mchangamfu jamani, anakwenda kwa kila mtu". Ujanani inabadilika kuwa hatari. Binti wa miaka 14 anayempa namba kila anayemsemesha vizuri kwenye daladala, kijana anayemfuata bodaboda aliyemnunulia soda, na sasa kuna simu, mtu yuko mbali huko anamwita "mdogo wangu". Kumwambia "usiongee na watu usiowajua" hakumsaidii, kwa sababu ndani yake hakuna ile kengele inayowalia wenzake. Mpe sheria za nje badala ya kengele ya ndani: hukutani na mtu wa mtandaoni bila mimi kumjua, hupokei hela wala zawadi ya mtu mzima bila kuniambia siku hiyo hiyo, ukiambiwa "usimwambie mama" hiyo sentensi yenyewe ndo sababu ya kuniambia. Ziwe chache na zirudiwe mpaka zimchoshe. Simu inalala sebuleni usiku, na yako pia, maana atauliza.

Shuleni utasikia "mvivu, hasikilizi, anaota ndoto mchana". Nenda kaongee na mwalimu wa darasa mapema, sio siku ya kuitwa. Huhitaji kumsimulia historia yote ya mtoto, hiyo ni mali yake, mwambie tu mtoto huyu anashika maelekezo moja moja, akae mbele, akipewa kazi ndefu ikatwe vipande, na asifokewe mbele ya darasa kwa sababu akifokewa anaganda au analipuka. Nyumbani hivyo hivyo. Ukisema "nenda kaoge, ulete daftari, ukitoka uniletee chaja na umwambie dada azime jiko" atafanya la kwanza tu na wewe utaona dharau. Sema moja, likiisha sema lingine.

Halafu kuna kumsukuma. Unaanza kuona mambo yanakaa vizuri, mmecheka, mmetoka wote kwenda ufukweni, kesho yake anafanya tukio baya bila sababu. Wazazi wengi wanasema hapa ndo wanaumia zaidi. Mtoto aliyebadilishiwa walezi anakupima, anataka kujua lini utamwacha, na bora iwe leo kwa mkono wake kuliko siku asiyoijua. Adhabu ipewe, ndio, alipe alichovunja, simu ikae kabatini siku mbili, ila usimfukuze karibu yako. Badala ya "toka, nenda chumbani kwako sitaki kukuona", mwambie "kaa hapa jikoni na mimi mpaka hasira iishe, hatuongei sasa hivi". Kuwepo kwako ndo dawa yenyewe, hata kama mmenuniana wote wawili.

Miaka ya nyumbani kwako

Kuna hesabu ndogo naipenda. Chukua umri wake, toa umri aliokuja nao. Mwenye miaka 14 aliyekuja na 9 ana miaka mitano nyumbani kwako. Sasa mpe ukaribu wa mtoto wa miaka mitano na majukumu ya mtoto wa kumi na nne. Maana yake: afue nguo zake, aende dukani, asimamie kazi zake za shule kama wenzake, lakini akitaka kukaa na wewe kwenye kochi anaangalia tamthilia kichwa kimeegemea bega, mwache, hata kama mjomba anasema jitu zima hilo linadeka. Akiuliza kila siku "utarudi saa ngapi" mjibu kila siku, na ukisema saa kumi na mbili ukaona foleni ya Mbagala inakukwamisha, piga simu. Wengine wanaona ni kumlegeza. Mi naona analipwa deni la zamani, na deni hilo huwezi kulifuta kwa kujifanya halipo.

Waliokuja wakubwa wa miaka sita na kuendelea

Huyu anakumbuka. Anakumbuka sauti ya mama yake, jina la mtaa, labda na mdogo wake aliyepelekwa kwingine. Na humu nawaweka na wale watoto wengi zaidi ambao hawajapita mahakamani hata siku moja, mpwa wako aliyeletwa kutoka kijijini baada ya dada yako kufariki, mjukuu, mtoto wa shemeji. Karatasi hamna ila mtoto kahama dunia, na ujanani anaonyesha yale yale.

Kinachomtesa mara nyingi ni kujiona msaliti. Akikupenda wewe anahisi anamsahau aliyemzaa. Ndo maana anakuwa mkali hasa siku za furaha, sikukuu, mahafali, siku ya kuzaliwa. Msaidie kwa kumtaja mama yake wewe mwenyewe, kwa heshima, bila kusubiri aulize: "Hii sauti yako ya kuimba, nadhani ni ya mama yako." Kama kuna picha, iwekwe kwenye fremu chumbani kwake. Kama kuna kaburi, mpeleke. Hata kama mzazi aliyemzaa alikuwa mlevi au alimtelekeza, usimseme vibaya, tineja anajua nusu ya damu yake ni ya huyo mtu, ukimtukana yule umemtukana yeye.

Siku itafika atasema "we sio mama yangu!" Inauma, na imekusudiwa iume. Jibu ninalolipendekeza halina hotuba: "Kweli, kuna mama aliyekuzaa. Mimi ni mama ninayekulea. Na simu bado inakabidhiwa saa tatu." Halafu endelea kukaanga vitunguu. Usiseme "baada ya yote niliyokufanyia", kwa sababu hapo umemtolea bili, na mtoto wa kuzaa huwa hatolewi bili.

Aliyekuja akiwa tayari na 12, 13, usitegemee akuite mama wala baba mwaka wa kwanza. Anti na anko vinatosha. Muda wa kuwa nyumbani kwako ni mchache kabla hajawa mtu mzima, kwahiyo chagua vitu viwili vitatu vya kusimamia kweli kweli (usalama, shule, kusema ukweli) na vingine viache vipite. Chumba kichafu hakijawahi kumuua mtu.

Maneno na maamuzi ambayo yanaharibu zaidi kuliko umri wowote

La kwanza ni "nitakurudisha ulikotoka". Hata kwa utani, hata ukiwa umekasirika mpaka mishipa imetoka. Mzazi aliyezaa akisema "nitakuuza" mtoto anacheka, huyu wako anajua kwamba inawezekana, ilishatokea. Kama umeshalisema, rudi kwake useme wazi kwamba halitatokea na hutalisema tena.

La pili ni bodi. Najua shule ya bweni kwetu ni kawaida, na wakati mwingine hakuna namna. Lakini kumpeleka bweni mtoto mwenye historia ya kituo mwaka ule ule alipoanza kusumbua, yeye ataisoma kwamba nimerudishwa. Yale mabweni yenye vitanda vya dabo, kengele na foleni ya uji yanafanana mno na alikotoka. Kama lazima aende, iwe wakati mambo yametulia, achague shule na wewe, na siku ya kutembelea usikose hata moja.

La tatu fimbo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, watakwambia, na watakwambia wao walichapwa wakawa watu. Mtoto aliyeshapigwa na watu ambao hawakumpenda hawezi kutofautisha fimbo yako na ya kwao. Anachojifunza ni kuficha vizuri zaidi.

Na ndugu zake wa nyumbani. Kama una wa kuzaa na wa kuasili, sare za shule ziwe duka moja, hela ya matumizi iwe sawa kwa umri, na kwenye vikao vya ukoo ukisikia mtu anasema "hawa watoto watatu na yule wa kulea" msahihishe pale pale: wanne. Usisubiri kufika nyumbani.

Mwili nao una habari zake

Hili halizungumzwi kabisa. Watoto waliotoka kwenye lishe duni wakaingia ghafla kwenye lishe nzuri, hasa wasichana, wanaweza kubalehe mapema. Denmark walilifuatilia kwa walioasiliwa kutoka nje wakaona hatari ya kubalehe mapema mno iko juu sana kuliko kwa wenzao waliozaliwa hapo. Kwahiyo kama binti yako alikuja mdhaifu akanenepa haraka, ongea naye habari za kuvunja ungo akiwa na miaka nane, nunua pedi ziwe zipo kabatini, na ukiona matiti yameanza kabla ya miaka minane mpeleke kwa daktari wa watoto. Binti wa miaka tisa mwenye mwili wa miaka kumi na tatu na kiu ya kupendwa, hapo unaelewa kwanini nilisisitiza zile sheria za watu wazima na zawadi.

Lini utafute msaada wa nje

Kununa sio dharura. Dharura ni akiongelea kufa au kujiua hata kwa mzaha, akijikata, akiacha kula, akilala nje, pombe na bangi, kuumiza wadogo zake au wanyama, au huzuni inayokaa wiki kwa wiki na hata vitu alivyovipenda kavitupa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, na jina la Mirembe lisikutishe na utani wa mtaani. Namba 116 ni ya bure, Tanzania na Kenya zote, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga, mwandikie aiweke. Ukifika kwa mtaalamu toa lile daftari la historia. Ukisema tu "ni mtukutu" atatibiwa utukutu, ukisema "alikaa kituoni mpaka miaka mitatu, walezi walibadilika mara nyingi, haongei, usiku halali" mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Afisa ustawi wa jamii naye mrudie, wengi tunamjua wakati wa karatasi tu, wakati faili analo yeye.

Akitaka kutafuta alikotoka

Kuanzia 15, 16 wengi wanaulizia. Wengine wanataka kuona kituo tu, wengine wanataka mtu. Usimzuie, maana akizuiwa anaenda mwenyewe na nauli ya kuazima, anakutana na chochote atakachokutana nacho akiwa peke yake. Anza na kituo. Piga simu kwanza ujue kama bado kipo na kama kuna mlezi wa miaka ile anayemkumbuka, maana mlezi anayesema "wewe ulikuwa hulali bila kushika sikio langu" anampa mtoto kitu ambacho faili halina. Omba kopi ya kilichomo kwenye faili, ukisome wewe kwanza, na kama kuna jambo zito mwambie kabla hamjapanda basi, asilisomee mlangoni. Kabla ya kumtafuta ndugu wa damu ongea na ustawi wa jamii wawe katikati, mtu wa upande wa pili anaweza akawa na familia ambayo haijui lolote. Mwache mtoto aamue nani anaingia ofisini, wewe au yeye peke yake, na mkirudi usimuulize maswali njiani, ataongea akiwa tayari. Na nendeni siku ya kazi asubuhi, wikendi watoto utawakuta ila ofisi ya mafaili imefungwa.